Petroli Iliyoishia Uani

Vijana wa kijiwe cha teksi hapa Mukendo, Musoma, mmenibatiza jina, Mzee Toa Mguu. Sikatai. Mmoja wenu akinipa lifti, wenzake huanza kucheka hata kabla sijafunga mkanda, maana wanajua tukikaribia tuta la kwanza nitasema: toa mguu, mwanangu, toa mguu, tuta umeliona tangu kule, unakanyaga mafuta ya nini kisha ukayaue kwenye breki? Mnacheka, halafu mkirudi kijiweni mnalalamika kwamba gari zinakula mafuta.

Basi leo naandika, ili mnisome hata siku ambayo simo kwenye kiti cha mbele. Ila nisiwadanganye, siandiki kwa furaha. Udereva niliupenda, na mambo ya kubana mafuta niliyajua. Nilichokosa ni jambo moja tu, na nililijua wakati njia yetu imeshakufa. Hadi leo linaniuma.

Njia yenyewe ilikuwa ya maziwa. Nilikuwa dereva wa pikapu ya Mama Nyangeta, mwenye duka la maziwa hapa mjini. Alfajiri nilitoka Musoma na keni tupu nyuma, nikaenda Butiama kuchukua maziwa kwenye miji, yaani maboma ya watu, ya Mwitongo na jirani zake, nikashuka Kiabakari, nikaingia Bunda, na mwisho Nyamuswa, ambako ndiko kulikuwa mkia wa safari. Hatukuwa na kituo cha kukusanyia. Nilikwenda mji kwa mji, nikaingia hadi uani, mama mwenye mji akatoka na maziwa yake, tukayapima, tukayachuja, tukayamimina kwenye keni. Jua likishakuwa kali nilitakiwa niwe nimerudi Musoma, la sivyo maziwa yameganda na Mama Nyangeta amegeuka pilipili.

Aliyenikabidhi usukani ni Mzee Wambura, dereva aliyenitangulia. Macho yalikuwa yameanza kumsumbua, na kabla hajaniachia gari alikaa nami kiti cha pembeni mpaka aliporidhika. Hakuwa mtu wa mihadhara. Njia nzima alikuwa kimya, anatafuna kijiti chake cha mswaki. Tukifika dukani anashuka, anafungua keni moja, anapitisha kidole chini ya kifuniko. Maziwa yakirushwarushwa njiani yanatoa siagi, na siagi inapanda kugandamana pale juu. Siku yangu ya kwanza kidole kilitoka kimejaa. Akaniwekea mbele ya pua.

"Unaona hii, Masatu? Hii ndiyo petroli yako."

Sikumwelewa. Akaenda kwa mama ntilie, akanunua chapati, akaipaka siagi yangu, akala yote mbele yangu bila kunimegea. Alipomaliza ndipo akanieleza. Maziwa hayachafuki kwa shimo la barabarani, kwa sababu shimo ukilipita taratibu yanatulia. Yanachafuka ukiondoa gari kwa pupa kama unafukuzwa, na ukifunga breki ghafla kama umeona simba. Na pupa hiyo hiyo ndiyo inayokunywa mafuta. Gari umeipa mbio kwa petroli, halafu mbio zile zile umezitupa kwenye breki. Alikula chapati kwa siagi yangu kwa muda mrefu, nami nilikuwa naona uchungu kweli, maana chapati zenyewe zilikuwa nzuri.

Nikajifunza kuangalia mbali. Barabara zetu mnazijua. Kutoka Bunda kwenda Nyamuswa ng'ombe ndio wenye barabara, wewe umeazimwa. Ukiona vumbi upande wa kulia, au fimbo inapita juu ya nyasi, hiyo ni habari tosha: toa mguu sasa hivi, iache gari ijiendee yenyewe ikipungua, na mara nyingi utakuta wa mwisho amevuka kabla hujagusa breki. Kuondoka hivyo hivyo. Kanyaga kama unakanyaga yai ambalo utalihitaji baadaye, panda gia mapema, usiache injini ilie ndipo uihurumie. Ukishafika spidi yako ishike hiyo hiyo. Basi likikupita na honi, liache liende, mtakutana Kiabakari linashusha abiria.

Kuna siku nikajiona mjanja kuliko mwalimu. Nikawaza, kama shida ni maziwa kurushwa, si nipunguze upepo wa tairi ziwe laini? Nikapunguza kwa siri. Siku ile Wambura alifungua kifuniko, kidole kikatoka safi, chapati akaila kavu. Nilicheka moyoni. Lakini haikupita wiki tukaishiwa mafuta njiani, mahali ambapo hatukuwahi kuishiwa, na yeye akashuka, akazunguka gari, akapiga tairi teke.

"Umeyatandikia maziwa godoro," akasema. "Sawa. Na hilo godoro linakokotwa na nani?"

Tairi laini inavutana na barabara na injini inafanya kazi ya punda. Pimeni upepo, vijana, na mpime asubuhi tairi zikiwa za baridi. Na zile keria mnazofunga juu kwa ajili ya mzigo wa Krismasi, mkabaki nazo hadi Pasaka, zivueni. Zinabishana na upepo bure.

Lakini msidhani mwalimu wangu alijua kila kitu. Tukitoka Butiama kwenye mteremko, Wambura alinifundisha kutoa gia, kuweka fri, gari ishuke yenyewe kama toroli. Tuliamini tunashuka bure. Kwa pikapu ile yenye kabureta pengine tulipata kitu, ingawa breki ndizo zilizoteseka. Kuna asubuhi tulishuka na fri, breki zikaanza kutoa harufu ya kuungua, na mbele yetu kundi la ng'ombe likaingia barabarani. Pedeli nilikuwa naikanyaga inazama kama kwenye tope. Nikarudisha gia kwa nguvu, injini ikapiga kelele, tukasimama pembe za ng'ombe zikiwa dirishani. Wambura akatoa mswaki mdomoni.

"Leo ng'ombe za watu zimetuhurumia," akasema, basi.

Gari zenu za sasa kompyuta ndiyo inayogawa mafuta. Ukishuka na gia ndani, mguu umeutoa, inayakata kabisa, kwa sababu magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini. Ukiweka fri, inalazimika kuilisha injini isizime. Maana yake unakula mafuta na unakula breki kwa pamoja, halafu unajiita fundi wa kubana. Acheni.

Sasa nifike kwenye lenyewe.

Wiki yangu ya kwanza pale Mwitongo niliingia kwenye mji mmoja, nikazima gari, nikashuka nikamwamkia mama wa pale kwa heshima kama nilivyolelewa kwetu Majita. Mama akafurahi mno. Akaniletea kigoda. Nikaona mtoto anamkimbiza kuku, nikadhani wanacheza. Moshi ulipoanza kutoka jikoni ndipo nilipogeuka kumwangalia Wambura kule garini, naye amefunika uso kwa kofia. Hatukuondoka pale mpaka tumekula ugali tukamaliza, kwa sababu huwezi kunyanyuka mtu ameshachinja. Tukafika Musoma maziwa ya nusu ya keni yameganda. Mama Nyangeta alinisema hadi wateja wakaondoka bila kununua.

Tulipokuwa njiani kurudi Wambura alikuwa ameshanionya. "Kwa watu usizimaga gari. Ukizima umesema unakula. Iache ingurume, wataona una haraka, hakuna atakayewasha jiko. Na hujamtukana mtu."

Hiyo ndiyo ilikuwa adabu ya madereva wote wa njia ile. Sijawahi kuiona kwingine. Injini ikiunguruma uani ilikuwa inakusemea: asante mama, nakuheshimu, usihangaike. Kwa hiyo niliiacha kwenye sailensa, yaani inaunguruma pale pale bila kwenda, mji wa kwanza hadi wa mwisho. Mimi nimeshuka, tunaamkiana. Na kuamkiana kwetu mnakujua, hakuna mkato: umeamkaje, watoto wameamkaje, mvua huko kwenu, yule mgonjwa vipi. Kisha maziwa yanapimwa, yanachujwa kwenye kitambaa taratibu. Muda wote huo gari inanguruma. Na kila tulipofikiria petroli tulijifariji kwa maneno tuliyoyarithi bila kuyapima, kwamba kuwasha upya kunakula mafuta kuliko kuiacha.

Kule Nyamuswa mji wangu wa mwisho ulikuwa wa Mama Wakuru. Mumewe alifariki akamwachia watoto na ng'ombe wa maziwa, na hao ng'ombe ndio waliokuwa wanalisha mji ule. Tulikuwa watani. Nilimpelekea samaki kutoka mwaloni, kule ziwani wavuvi wanakoshushia, sato nikiwapata, na siku mbaya furu, visamaki vya miba tupu, na siku za furu alinicheka.

"Nyie Wajita mnajuaga kula mifupa," ananipigia kelele juu ya sauti ya injini. "Hii samaki iko wapi nyama yake?"

"Nyama umebaki nayo wewe mwenye ng'ombe!"

Namimina maziwa, nafunga keni, napanda gari ambayo haikuzimika, nageuza. Miaka ilikwenda hivyo. Wambura akarudi kwao kupumzika, nami nikawa dereva mkubwa, kidole changu mwenyewe ndicho kinapita chini ya kifuniko.

Kisha petroli ikapanda. Mama Nyangeta akaniita nyuma ya duka, mahali anapochemshia maziwa. Nilijua ni jambo zito kwa sababu alinipa kiti.

"Masatu, Nyamuswa imetushinda. Mbali kote kule, na gari inakunywa. Nataka tugeuzie Bunda."

Nikamwomba. Nilimwambia Nyamuswa maziwa yake ni mazito kuliko ya kote, na kule hakuna gari nyingine inayokwenda, hao akina mama watayapeleka wapi? Yeye si mtu mbaya, naye ana watoto. Akafikiri akikoroga maziwa.

"Nakuachia mpaka mvua zikatike," akasema. "Ukiweza kuipunguza hiyo kula yake, tunaendelea. Ukishindwa usije ukanilaumu."

Msimu ule niliendesha kama sijawahi kuendesha. Upepo wa tairi nilipima mimi mwenyewe kila asubuhi. Nilishusha jeki ya ziada, minyororo, tairi mbovu, na takataka zote tulizozoea kuzunguka nazo. Nilikataa kubeba magunia ya mkaa ya watu, nikagombana hadi na binamu yangu. Vioo nilifunga kwenye lami ili upepo usinivute nyuma, nikaoga jasho. Mguu wangu ulikuwa mwepesi hata basi zilikuwa zinanipigia honi za matusi. Vifuniko vilikuwa safi, chapati nilikula kavu. Na mafuta yalipungua kweli. Mama Nyangeta aliona, akaanza kunitania kwamba nimeanza kusukuma gari kwa mkono. Tulikaribia, vijana wangu. Tulikaribia kabisa, ikawa imebaki kidogo tu.

Nilifanya kila kitu isipokuwa kuzima. Hata halikunijia kichwani. Wakati ule ule ninabana mafuta ya barabarani kama bahili, nilikuwa nayamwaga kwenye kila ua nilioingia, naulizia hali ya wagonjwa.

Mvua zikakatika. Mama Nyangeta hakunigombeza. Alisema umejitahidi, baba, ila bado haitoshi. Nilimpigia simu Mama Wakuru mwenyewe, sikutaka asikie kwa mtu.

"Hatuji tena, mama. Gari inakula mafuta sana."

"Haya, baba," akasema. Nikasubiri aniulize kitu. Hakuniuliza.

Baadaye nilipata kazi ya kumwendesha bosi wa mradi hapa Musoma. Gari mpya, ina kioo kidogo pale mbele kinachokuonyesha mafuta yanavyokwenda. Siku moja nimemsubiri bosi nje ya ofisi, nimeiacha inanguruma kama kawaida yangu, na macho yakaangukia pale. Gari imesimama, haijaenda popote, na kioo kinaonyesha inakula. Nikakaa nakitazama. Bosi aliporudi nikamuuliza, akaniambia, mzee, si uzime tu, kuwasha siku hizi hakuli kitu. Kwa siku kadhaa nikawa nazima kila nikisimama. Tangi lilelile likanipeleka mbali kuliko lilivyozoea.

Pale pale kwenye usukani nikaanza kuhesabu nyua. Mwitongo, ua kwa ua. Jirani zake. Kiabakari. Bunda. Nyamuswa. Nilishindwa kuendelea, nikashuka nikanawa uso. Kabureta ile ya zamani ilikuwa inakula ikisimama kuliko hii ya kompyuta. Betri yetu ilikuwa nzima, stata ilikuwa nzima, hakuna kilichotuzuia. Ile petroli iliyopelea kwa Mama Nyangeta ilikuwa inaungua uani kwa watu, na mimi nimesimama pembeni yake nimeshika kitambaa cha kuchujia.

Juzi juzi kulikuwa na msiba Nyamuswa. Nilikwenda kwa basi. Tulipomaliza kuzika nikatembea hadi kwa Mama Wakuru. Nilimkuta amezeeka, na mji umepungua. Zizi lilikuwa limeota majani, kona moja tu imekanyagwa. Ng'ombe alikuwa mmoja. Aliniambia mwenyewe bila kuulizwa kwamba mwanzoni maziwa waliwapa ndama, wakawapa majirani, yakaganda, yakamwagwa, na ng'ombe wa maziwa asiye na mnunuzi ni mdomo tu. Akawauza mmoja mmoja. Watoto wakubwa wakaenda kuendesha bodaboda Bunda. Hakusema kwa kulalamika, alikuwa ananipa habari za nyumbani.

Kisha akaniuliza lile ambalo hakuniuliza kwenye simu.

"Masatu, hivi ulisemaga gari inakula mafuta. Ilikuwa inakulia wapi? Maana mimi nilikuonaga unaendesha pole pole kama umebeba bibi harusi."

Ningeweza kumjibu lolote. Nikaonyesha pale uani, mahali nilipokuwa nasimamisha.

"Hapa, mama. Ilikuwa inakulia hapa hapa, ikiwa imesimama. Na kwa wenzako kote nilikopita."

Akapatazama. "Sasa si ungezima?"

"Niliogopa utapika. Ukipika nakaa, nikikaa maziwa yanaganda. Wambura alinifundisha hivyo, ndiyo ilikuwa heshima."

Nilitegemea acheke, maana huyu mama hakuwahi kukosa utani. Hakucheka. Alikaa amepakata mikono, anapatazama pale uani.

"Kumbe," akasema. "Mimi miaka yote nilijua unakidharauga chakula changu. Niliwaambiaga na watoto, huyu Mjita hata gari hazimi, anaogopa tusije tukamkaribisha ugali wetu." Akanigeukia. "Si ungesema tu, baba? Ungesema, mama, nazima gari, ila usipike. Nisingepika."